Tuseme neno moja: tuwaite wenzetu kwenye mitandao isiyo na bwana mmoja



Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi yetu, na tukabaki gizani zaidi ya wiki mbili. Mwaka 2022, Elon Musk alinunua Twitter kwa dola miliari 44, kisha akaibadilisha jina. Sisi hakuna mutu alituuliza. Wale wote wanaotufuata mule, tunawapanga katika nyumba ya mutu mwingine.

Ndiyo maana tuko na Mastodon. Lakini tunapoieleza kwa mugeni, mumoja anasema seva, mwingine protokole, na mugeni anakimbia. Kuanzia leo tuseme maneno haya matatu, wote.

La kwanza: "Haina bwana mumoja. Sawa vile mwenye Airtel anaita mwenye Vodacom na banasikilizana, wewe wa seva hii unaongea na wa seva ile. Ukichoka na seva, unahama, na bale benye banakufuata banahama na wewe." Maandiko ya zamani yanabaki nyuma, tuseme na hiyo.

La pili: "Hakuna matangazo. Habari za bale unafuata zinakuja kwa saa zake, hakuna mwenye kulipa ili apite mbele."

La tatu: "Usitoke WhatsApp leo. Fungua tu mulango wa pili."

Na tusidanganye mutu. Intaneti ikikatwa yote, Mastodon nayo inalala. Tena, ujumbe wa pembeni mule si siri kabisa: mwenye kuchunga seva anaweza kuusoma. Jina la kamarade anayetafutwa, ao mahali pa mukutano, visiandikwe mule. Mugeni asiyeambiwa hivyo anaweza kupelekesha mwenzake gerezani, na kosa litakuwa la yule aliyemwita.

Kazi ya juma hili: kila mumoja alete watu wawili. Usiwatumie tu anwani na kuenda. Kaa nao, hata kama mega ni kidogo, mpaka kila mumoja afuate watu kumi na aandike neno lake la kwanza. Umujibu siku ileile. Mutu akiingia nyumba yenye kimya, anatoka na harudi.

Sauti yetu isiwe na funguo moja katika mufuko wa mutu mumoja.

Mapambano inaendelea!