Gharama ya Ahadi ya Vita
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Masasi)



Sisi makarani tumezoea kuuliza, kila fedha itokapo, imeandikwa katika fungu gani. Leo twataka kuuliza hivyo juu ya mapatano ya serikali mbili zilizoahidiana kusaidiana vitani. Wala hatuna haja ya kutafuta mfano mbali, maana upo Newala.

Waingereza na Wareno walifanya mapatano ya namna hiyo mwaka 1373, wakayathibitisha huko Windsor mwaka 1386. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Waingereza hawakutaka Wareno waingie. Lakini mwanzo wa 1916 walihitaji meli, wakawaomba rafiki zao wazikamate meli za Wajerumani zilizokuwa katika bandari zao. Wakazikamata, na tarehe 9 Machi Ujerumani ikawatangazia vita. (Tusiwasifu Wareno kwa uaminifu mtupu: walikuwa wakiyahofia makoloni yao pia.)

Mwezi wa Septemba jeshi la Jenerali Ferreira Gil likavuka Ruvuma, na Oktoba likalishika boma la Newala. Kila mwenyeji wa huko ajua kwamba maji hayako juu. Yako chini bondeni, nako ni kazi kushuka na kupanda. Wajerumani nao walijua. Novemba waliwanyang'anya Wareno maji, wakalizingira boma, na baada ya siku chache Wareno wakaliacha, wakarudi ng'ambo ya mto na kiu yao. Katika vita vile maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Na wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi yote, wengi wao hata majina yao hayakuandikwa.

Tazameni sasa daftari. Upande wa mapato iko Kionga, kipande kidogo cha nchi kusini ya mdomo wa Ruvuma, walichopewa Wareno mwaka 1919. Upande wa matumizi, serikali ya Lisbon ilipinduliwa Desemba 1917, watu wakiwa wamechoshwa na vita na njaa. Tena fedha za vita ilikuwa imezikopa kwa Uingereza, yaani kwa rafiki yule yule aliyewaita, hata mapatano ya kulilipa deni hilo yakafanywa mwaka 1926.

Deni hilo liliandikwa kwa sababu lilikuwa na mwenyewe wa kulidai. Wapagazi waliokufa njiani hawakuwa na wa kuwadai, na katika hesabu ile ya 1926 hawamo.