Asiye na Hati si Mtu Haramu



Nimeombwa nieleze jina tunalompa mtu asiye na karatasi za Serikali. Lililozoeleka ni "mhamiaji haramu". Yafaa tuyapime maneno yake yote mawili.

"Haramu" tumelipokea kutoka Kiarabu, na kazi yake ni kutaja jambo lililokatazwa: nyama haramu, mali ya haramu, biashara haramu. Hukumu huwa juu ya kitu au tendo. Linapobandikwa mtu, kama katika "mwanaharamu", hugeuka tusi, kwani humtwika mtoto kosa lisilo lake.

"Mhamiaji" nalo ladai kwamba mtu alitoka kwingine. Je, ni hivyo daima? Wazee wa Wamakonde wa Kwale, nchini Kenya, walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Kenya, lakini waliishi bila vitambulisho, wasiweze hata kupiga kura. Oktoba 2016 waliandamana hadi Nairobi kudai haki yao, na Serikali ya Kenya ikaamua kuwatambua. Watoto wale hawakuhama popote. Walikosa hati tu.

Tarehe 9 Desemba 1975, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliviomba vyombo vyake vitumie, katika nyaraka rasmi, maneno yenye maana ya wafanyakazi wahamiaji wasio na hati au walio nje ya utaratibu.

Yuko atakayesema kwamba tunalegeza sheria. Hasha! Kuingia nchini bila kibali ni kosa, na sheria haina budi kufuatwa. Lakini karani anayeandika "haramu" katika jalada kabla mtu hajasikilizwa amekwisha kutoa hukumu isiyo kazi yake. Hati nazo hukosekana kwa njia nyingi: huungua, huibwa, huisha muda, au mzazi hakuandikisha kizazi.

Basi tutaje kile kinachokosekana. Tuandike: "hana pasipoti", "hana cheti cha kuzaliwa", "kibali chake kimekwisha muda". Hapo ofisa atajua la kufanya, na mwalimu atamsaidia mwanafunzi kutafuta cheti bila kumvisha jina la aibu mbele ya wenzake.

Hati ikipatikana, upungufu huo hufutika. Jina baya halifutiki upesi hivyo.