Dalali Asiye na Duka: Funzo Kutoka Kenya



Katika nchi jirani ya Kenya, sheria ya fedha ya mwaka 1923 isingeweza kuitaja kazi hii, wala ya mwaka 1983; bali ya mwaka 2023 imeitaja waziwazi. Nayo ni kazi ya mtu apataye kamisheni kwa kuwaelekeza wenzake, kwa njia ya mtandao, kwenye bidhaa ya mfanyabiashara mwingine. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imependekeza kukata asilimia 15 ya mapato ya namna hiyo. Baada ya mjadala mkali, sheria iliyopitishwa ikaweka asilimia 5. Hakuna serikali inayotoza kodi upepo. Kazi ikishatajwa katika sheria ya kodi, hapana shaka wapo wanaopata riziki kwayo.

Kazi yenyewe kwa asili si ngeni. Ni udalali. Tangu zamani dalali amemkutanisha mwenye nyumba na mpangaji, au mwenye ng'ombe na mchinjaji, na biashara ikitimia akapewa chake. Hana nyumba wala zizi. Mtaji wake ni kujuana na watu na kuaminiwa nao. Kilichobadilika leo ni chombo tu.

Wengi hudhani kwamba anayetaka kuianza kazi hii sharti kwanza awe na tovuti yake. Sivyo. Anayeanza hujiandikisha kwa kampuni inayouza bidhaa, naye hupewa kiungo chenye alama yake ya utambulisho, au namba ya siri ya punguzo. Kiungo hicho hukipeleka kwa watu kupitia WhatsApp, Facebook au TikTok, pamoja na maelezo ya bidhaa. Mtu akibonyeza na kununua, mitambo ya kampuni hutambua ni nani aliyemleta, na kamisheni huandikwa. Mzigo ukirudishwa, kamisheni hufutwa.

Nchini Kenya mbegu hii iliangukia udongo uliokwisha kulimwa. Tangu M-Pesa ianzishwe mwezi Machi mwaka 2007, wananchi wamezoea kumwona wakala kibandani akipata kamisheni ndogo kwa kila muamala. Kampuni ya Jumia, iliyoanzishwa Lagos mwaka 2012, iliunda nchini humo mtandao wa mawakala ulioitwa JForce, ambao waliwaagizia bidhaa majirani wasiojua au wasioamini kununua kwa mtandao. Wakala wa namna hiyo hakuhitaji tovuti. Alihitaji simu, orodha ya bei na jirani anayemwamini.

Lakini hesabu ifanywe kabla ya furaha. Ichukuliwe mfano wa simu ya shilingi 10,000 za Kenya na kamisheni ya asilimia 5. Dalali atapata shilingi 500. Kodi ya asilimia 5 ikikatwa, zitabaki 475, na humo bado hajatoa gharama ya vifurushi vya intaneti wala siku alizopoteza akijibu maswali ya wasionunua. Kampuni ya Amazon ya Marekani, iliyoanzisha mpango kama huu mwaka 1996, kwa kawaida humhesabia dalali saa 24 tu tangu mnunuzi abonyeze kiungo, na humtaka mgeni afikishe mauzo 3 katika siku 180 za kwanza, la sivyo hufungiwa. Huu si utajiri wa haraka. Ni kibarua cha subira, nacho humfaa aliyechagua bidhaa chache anazozijua vizuri kuliko anayerusha viungo mia kwa watu asiowajua.

Tena dalali huyu hamiliki shamba analolilima. Mwezi Novemba mwaka 2019 Jumia ilifunga shughuli zake nchini Tanzania. Kampuni ikiondoka, kiungo hugeuka maandishi matupu. Mwenye busara hatoi kazi yenye mshahara kwa ajili ya kiungo, wala hakopi ili aanze.

Hapo ndipo penye jambo linalowahusu askari kwa namna ya pekee. Karibu na udalali wa halali hukaa ndugu yake wa bandia, yaani upatu. Kamati maalumu iliyoundwa na serikali ya Kenya ilionyesha mwaka 2009 kwamba watu zaidi ya 148,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 katika mipango ya namna hiyo. Siku hizi upatu nao huvaa kanzu ya mtandao na kujiita uwakala. Kipimo cha kuutambua ni kimoja: fedha inatoka wapi? Katika udalali wa kweli kujiandikisha hakuna kiingilio, na kamisheni hutoka kwa mnunuzi aliyepata bidhaa mkononi. Katika upatu, anayeingia hulipa ili aingie, na anayelipwa hulipwa kwa fedha ya aliyeingia baada yake. Polisi anayelishika swali hilo ataweza kumhoji mtuhumiwa na kumwonya mwananchi. Askari anayekaribia kustaafu, akiwa na kiinua mgongo chake, ataweza kujiokoa mwenyewe.

Liko na la pili. Dalali huuza kuaminiwa kwake. Askari akijitokeza mtandaoni akiwa ndani ya sare, kinachouzwa si kuaminiwa kwake peke yake, bali ni heshima ya jeshi zima, ambayo si mali yake. Na mkuu anayewapelekea walio chini yake kiungo cha kununulia bidhaa hajawashauri. Amewapa amri iliyofunikwa kitambaa. Anayetaka kuifanya kazi hii na aziulize kwanza kanuni za utumishi wake, na asiifanye kwa picha ya kambi, ya silaha wala ya cheo.

Kwa mke au mume wa askari aliye nyumbani, au kijana wao aliyemaliza shule na bado hajapata kazi, njia hii ni ya halali na milango yake haihitaji mtaji mkubwa. Aanze na bidhaa moja aliyoitumia mwenyewe. Aseme ubaya wake pamoja na uzuri wake, na aeleze wazi kwamba analipwa kamisheni. Aweke daftari la mauzo, na alipe kodi inayomstahili. Jirani akinunua mara ya pili, dalali atajua kwamba kazi yake imesimama. Jirani asiporudi, hakuna mtandao utakaomrudisha.