Mtoto Akitishia Wenzake Kikundini

(Mazungumzo ya mlezi wa skauti mbele ya wazazi na walezi wa vikundi vya vijana)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi tunalisemea pembeni. Mtoto akimwambia mwenzake, "Nitakukata," au "Nitakuchoma kisu," tufanye nini? Wapo wanaosema, "Ah, hayo maneno ya watoto tu." Wapo wanaosema, "Apigwe, afukuzwe, waitwe sungusungu." Mimi sikubaliani na hao wa kwanza, wala na hao wa pili.

Hebu niwaeleze habari ya kijana mmoja wa skauti, umri wake miaka 12. Alikuwa akifyeka majani na wenzake katika shamba la miti la shule. Mwenzake akamwita "Zizi." Jina hilo walimpa kwa sababu huamka usiku kuchunga ng'ombe, kisha huja kikundini na nguo zile zile. Siku hiyo hakunyamaza. Aliinua panga akasema, "Ukiniita tena nitakukata mkono." Watoto wakapiga kelele. Wengine walikimbia, na wengine, mnawajua watoto, wakasogea karibu waone.

Mlezi hakumrukia kumnyang'anya panga. Ukimrukia mtoto mwenye hasira naye ameshika kitu chenye makali, mtaumia wote wawili. Aliwaambia vijana wawili wakubwa wawapeleke wenzao kisimani, wakachote maji ya miche. Basi watazamaji wakaondoka. Jambo hili ni kubwa kuliko mnavyofikiri. Mtoto akitazamwa na wenzake 20 huona aibu kurudi nyuma. Kisha mlezi akasimama mbali kidogo, pembeni, asimzibie njia. Akasema kwa sauti ya chini, "Weka panga chini, mwanangu. Hakuna atakayekupiga." Akanyamaza. Akarudia maneno yale yale. Mtoto akaliweka panga chini, akaanza kulia.

Hapo usianze mahubiri. Mtu mwenye hasira moyo humwenda mbio, na maneno mengi hayamwingii. Mpe maji, kaa naye mahali mnapoonekana na watu, ngoja. Akishatulia muulize, "Ilikuwaje?" Halafu sikiliza.

Sasa nije kwenye daftari. Ninyi mliojifunza kuandika mkiwa watu wazima, hapa kalamu yenu ina kazi. Mlezi yule aliandika siku ile ile: tarehe, saa, mahali, nani walikuwepo, na maneno yenyewe. Hakuandika, "Mtoto huyu ni mkorofi." Aliandika, "Alisema: Ukiniita tena nitakukata mkono." Neno mkorofi ni maoni yako wewe. Maneno aliyoyasema mtoto ndiyo yanayokuonyesha uzito wa jambo.

Maana vitisho havilingani. Mtoto akipiga kelele, "Nitawaua wote!" kisha baada ya saa moja anacheza nao mpira, zungumza naye na umwangalie. Lakini akitaja jina la mtu, akataja na siku, au ameficha kisu mfukoni, au amekuwa akimvizia mwenzake njiani, hilo usilibebe peke yako. Siku hiyo hiyo mwambie mwalimu mkuu, mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii. Polisi nao wana Dawati la Jinsia na Watoto. Iko pia simu namba 116 ya kuwasaidia watoto, na kuipiga ni bure. Na mtoto akisema atajidhuru mwenyewe, asiachwe peke yake hata kidogo. Mpelekeni zahanati.

Juu ya sungusungu nitasema machache. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Aliye chini ya miaka 10 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Kumfunga mtoto kamba, au kumfungia ofisini usiku kucha, ni kuongeza kosa juu ya kosa.

Turudi kwa kijana wetu. Mama wa yule mtoto aliyetishiwa aliambiwa jioni ile ile, na mlezi mwenyewe, nyumbani kwake. Haifai mzazi asikie habari kama hizi kisimani. Mama alitaka kijana afukuzwe kabisa. Ana haki ya kuogopa, na mtu asimwambie ati anakuza mambo. Lakini hebu tufikiri. Ukimfukuza, anakwenda wapi? Panga lake analo. Njia ya shule ni ile ile, na yule mwenzake anapita hapo hapo kila siku. Kilichopungua ni kimoja tu: mtu mzima aliyekuwa akimwangalia.

Basi alikaa nyumbani Jumamosi mbili. Katika siku hizo mlezi alikwenda kwao. Kijana anaishi na mjomba wake. Huamka saa kumi usiku, na mara nyingi huja kikundini hajala kitu. Mjomba akasema, "Mimi nilimwambia akichokozwa ajitetee." Mlezi hakubishana naye. Walizungumza mpaka wakapatana kwamba Jumamosi ng'ombe watachungwa na mtoto mwingine, ili huyu apate kuoga na kula.

Wale waliomwita Zizi nao waliitwa. Kuitwa jina si ruhusa ya kuinua panga. Lakini mtoto aliyechekwa miezi mitatu, na watu wazima wanasikia, msishangae siku akichemka. Skauti walipoanza Uingereza mwaka 1907, Baden-Powell, yule aliyezikwa Nyeri, Kenya, aliwagawa vijana karibu 20 katika makundi 4. Kundi likiwa dogo, mkubwa wake husikia mapema nani anaonewa.

Kijana aliporudi, masharti yaliandikwa yakasomwa mbele ya mjomba wake. Hashiki panga mpaka mvua ziishe. Atabeba miche na kumwagilia. Atakuwa katika kundi jingine, mbali na yule mwenzake. Hasira zikimpanda, anaweza kwenda kukaa chini ya mwembe bila kuomba ruhusa, na asifuatwe na mtu kumcheka. Hawakulazimishwa kushikana mikono. Mkono wa kulazimishwa hauondoi hofu, na yule aliyetishiwa huona kwamba hofu yake si kitu.

Mama mmoja ameniuliza kabla hatujaanza, "Je, akirudia?" Akirudia, atasimama tena nyumbani, na safari hii afisa ustawi wa jamii aitwe siku hiyo hiyo. Lakini msingoje arudie. Mapanga na mafyekeo yahesabiwe kabla ya kazi na baada ya kazi, na mtu mzima ndiye ayafungie. Walezi mliokuja na madaftari, andikeni 116 nyuma ya jalada sasa hivi, kisha tuendelee na maswali.