Uzito wa Mtoto si Siri ya Nyumba



Mwezi Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Iringa, na kutoka katika kikao hicho likatoka tamko ambalo kila mtu mzima wa siku zile analikumbuka: Siasa ni Kilimo. Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini waliitika. Kwa miaka mingi Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa imehesabiwa kuwa mikoa minne mikubwa ya nafaka, na mahindi yake yameshuka kwa malori hadi Dar es Salaam na mikoa yenye ukame. Msafiri anayetoka Mafinga kwenda Makambako, akaendelea hadi Uyole na kuteremka Tukuyu, hupita katikati ya mahindi, viazi, maharage na migomba, na ng'ombe wa maziwa huonekana kando ya njia. Akiambiwa kwamba huko kuna njaa atacheka.

Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Iringa, kati ya watoto 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano, 57 wana udumavu. Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Iringa, ilikuwa na watoto 50 katika kila 100. Mbeya ilikuwa na karibu theluthi moja. Wastani wa nchi nzima ulikuwa watoto 30 katika 100. Kwa maneno mengine, mkoa unaolisha wengine ndio ulioongoza nchi nzima kwa watoto waliodumaa.

Yafaa ieleweke vizuri udumavu ni nini, maana hauonekani upesi kama ugonjwa wa surua au kuhara. Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye kimo chake ni kifupi mno kwa umri wake kwa sababu mwili ulikosa lishe, au uliuguauguliwa, tangu tumboni mwa mama hadi kufikia kama miaka miwili. Hakondi lazima, pengine ana mashavu. Akisimama kati ya wenzake wa kijiji waliodumaa kama yeye, hakuna anayemwona kuwa mfupi, na wazazi husema kwamba ndivyo ulivyo ukoo wao. Kilichopungua si kimo peke yake. Ubongo nao hujengwa katika miaka hiyo hiyo, na mwalimu wa darasa la kwanza ndiye hukabidhiwa hesabu ya yaliyopita bila kuelezwa kilichotokea. Si kila mtoto mfupi amedumaa, wala si kila anayechelewa kusoma alikosa uji. Lakini mwalimu wa Kilolo au Mufindi mwenye darasa la watoto 60 hana budi kujua kwamba zaidi ya nusu yao huenda walifika shuleni wakiwa wameshapunjwa.

Wamepunjwa na nani, ilhali vihenge vimejaa? Hapo ndipo penye jambo. Chakula cha nyumba ni kitu kimoja, na chakula cha mtoto mdogo ni kitu kingine. Katika miezi ya kulima mama hutoka alfajiri na jembe, wakati mwingine ana mimba ya miezi saba, na hurudi jua likielekea kuzama akiwa na kuni kichwani. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu huachiwa dada yake mwenye miaka saba. Anakula asubuhi, anakula usiku. Anachokula ni ugali ule ule wa watu wazima na mboga ya majani, au uji mwembamba ambao sehemu yake kubwa ni maji. Tumbo la mtoto ni dogo; hujaa upesi na kuisha upesi. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kula mara nne au tano kwa siku, chakula kizito kilichotiwa maharage, karanga, maziwa au mafuta kidogo. Mahindi gunia 30 ghalani hayamsaidii iwapo hakuna mkono wa kumlisha saa sita mchana.

Tena dawa moja ya uji mwembamba imo humo humo nyumbani. Kijiko cha unga wa kimea cha ulezi kikitiwa katika uji mzito uliopikwa, uji huo hulainika mtoto akaweza kuunywa, bila kuongezwa maji ya kumshibisha bure. Wataalamu wa lishe wamelifundisha jambo hili tangu miaka ya 1980. Kimea si kigeni katika vijiji vya Iringa na Mbeya. Kila mpika pombe anacho. Kinachosikitisha ni kwamba kimea hicho kinajulikana zaidi njia ya kilabuni kuliko njia ya kwenye kikombe cha mtoto.

Hayo yote yalikwisha kujadiliwa hapa hapa, na wananchi wenyewe. Mwaka 1973 redio ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka huo huo ikaundwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Kisha mwaka 1983 Mkoa wa Iringa ukachaguliwa kuwa mahali pa mpango mkubwa wa lishe ulioendeshwa na Serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya watoto na ya afya, kwa fedha za Serikali ya Italia. Ulianza katika vijiji 168.

Moyo wa mpango ule ulikuwa mizani ya kuning'iniza. Kila baada ya miezi mitatu watoto wa kijiji walipimwa hadharani, na kadi ya kila mmoja ikaonyesha kama yumo katika rangi ya kijani, ya kijivu au nyekundu. Wahudumu wa afya walikuwa watu wa kijiji hicho hicho, waliochaguliwa na kijiji. Hapo kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, maana hesabu ilipelekwa mbele ya uongozi wa kijiji: watoto wangapi wamo katika nyekundu, ni wa nyumba zipi, na kwa nini. Kijiji kilipima, kikachambua sababu, kikaamua la kufanya, na miezi mitatu baadaye kikapima tena ili kuona kama uamuzi ulifaa. Mahali pengine ilionekana kwamba mama hana wa kumwachia mtoto, pakaanzishwa kituo cha kulelea na kulisha watoto mchana. Mahali pengine sababu ilikuwa maji, au malaria.

Kati ya mwaka 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu katika maeneo yale walishuka kutoka kama 56 hadi 38 katika kila 100, na wenye upungufu mkali wakashuka kutoka zaidi ya 6 hadi chini ya 2. Mwaka 1990 shirika la Umoja wa Mataifa la watoto lilipotoa maelezo yake ya sababu za utapiamlo, ambayo yanafundishwa hadi leo katika vyuo vikuu vya dunia, mengi yaliyomo yalikuwa yamejifunzwa katika vijiji vya Iringa. Yafaa kutahadhari: siku zile ulipimwa uzito kwa umri, na takwimu ya 2022 ni ya kimo kwa umri, kwa hiyo hesabu hizo mbili haziwezi kuwekwa bega kwa bega kana kwamba ni mtihani mmoja. Hata hivyo haielekei kwamba mkoa uliowafundisha walimwengu unastahili kushika mkia nyumbani.

Wapo wanaosema fedha za Wataliano zilikwisha na mambo yakaisha. Hilo ni kweli nusu. Mizani haikuondoka. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ipo mpaka sasa na hufanyika kila robo mwaka. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mikataba ya lishe, na mwaka 2022 ukatiwa saini mkataba mpya mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, utakaokwenda hadi 2030. Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Maagizo hayakosekani. Upungufu uko katika safari ya taarifa. Taarifa hupanda: kutoka zahanati hadi halmashauri, kutoka halmashauri hadi mkoa, kutoka mkoa hadi wizarani, na aghalabu hairudi chini kwa mwenyekiti wa kitongoji ambaye anaijua nyumba na anaweza kuibisha hodi jioni hiyo hiyo. Mama huondoka na kadi yake, afisa na jedwali lake, na kijiji hakijaulizana lolote.

Kuna na aibu. Katika vijiji vingi mtoto akidhoofu husemwa kwamba amebemendwa, yaani wazazi wake hawakujizuia wakati ananyonya, au baba ana mwanamke mwingine nje. Kwa mama aliyeshikwa na tuhuma hiyo, mizani ya hadharani ni kama baraza la kuhukumiwa. Humvika mtoto masweta matatu, au hamleti kabisa, na mtoto huyo ndiye aliyehitaji kuonwa kuliko wote. Hospitali za mashirika ya dini, kama ile ya Tosamaganga kwa Iringa, zimewapokea watoto wa aina hii miaka nenda miaka rudi wakiwa wamechelewa. Mchungaji, padri na shehe wana sauti ambayo bwana afya hana. Wakisema mbele ya waumini kwamba mtoto aliyekonda ana njaa au ana ugonjwa, na kwamba hakuna dhambi ya mtu iliyoandikwa katika mbavu zake, mama mmoja au wawili watathubutu kuja. Wakinyamaza, au wakigeuza wembamba wa mtoto kuwa kisa cha mahubiri juu ya uzinzi, wanaifunga njia ya kliniki.

Na baba yuko wapi? Siku ya kupima watoto huonekana wanawake tu. Ulanzi hugemwa kwa wingi masika, na masika ndipo kazi ya shamba inapomwelemea mama. Saa za jioni ambazo baba angekata kuni au kumshika mtoto hupotelea kwenye mabenchi ya kilabu. Mahindi yakiuzwa, fedha huingia mfuko mmoja, na mfuko huo haununui karanga. Katika Njombe na Iringa, mikoa ambayo imeathiriwa na UKIMWI kuliko mingine ya nchi hii, pengine hakuna baba wala mama. Yupo bibi mwenye miaka 70 na wajukuu wanne. Kwa bibi huyo semina ya makundi ya vyakula haitoshi. Anahitaji mtu wa kumlimia.

Watumishi wasidhani kwamba mazungumzo haya yanawahusu wanakijiji pekee. Tangu mwaka 2001 mtumishi wa Serikali ana kadi ya Bima ya Afya, nayo ni jambo jema, lakini kadi haipiki uji. Udumavu umeonekana hata katika nyumba zenye kipato kizuri, ambamo mtoto huachwa na msaidizi wa kazi pamoja na biskuti na soda, na wazazi wakirudi usiku humkuta amelala.

Kwa taratibu za serikali za mitaa, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji nayo ni kila baada ya miezi mitatu. Sheria mpya haihitajiki ili mambo hayo mawili yafuatane katika juma moja, matokeo ya mizani yakawa ajenda ya kwanza kabla ya michango na mipaka ya mashamba, na majina ya watoto walio hatarini yakabaki kwa mhudumu na mwenyekiti wa kitongoji ili mtu asiaibishwe. Afisa mtendaji anaweza kuipanga tarehe hiyo mwenyewe. Mwalimu mkuu anaweza kutoa darasa la kukutania na mtu wa kuandika katika daftari, na daftari hilo likabaki kijijini, likafunguliwa tena baada ya miezi mitatu mbele ya akina baba na akina mama wale wale.