Kutoka Leseni hadi Ankara: Tunachoweza Kujifunza kwa Adobe Kabla ya Kuhamia Kwenye Wingu

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya maafisa TEHAMA, maafisa uhusiano na maafisa ununuzi

1. Utangulizi



Nimeombwa nizungumzie namna wauzaji wa programu wanavyohamia kwenye wingu na akili unde, na maana ya uhamaji huo kwa taasisi zinazowahudumia wateja kupitia tovuti na simu. Wauzaji ni wengi, na kuwagusa wote kungetuacha tukielea. Nimechagua mmoja, kampuni ya Adobe ya Marekani. Karibu kila aliyemo humu amewahi kufungua faili la PDF au kuona bango lililotengenezwa kwa Photoshop. Tena kampuni hii ilihama mapema na hadharani, na kwa kuwa hisa zake zinauzwa sokoni, hesabu zake za kila mwaka zinajulikana.

Hoja yangu ni moja. Kinachobadilika zaidi pale taasisi inapoacha kununua programu na kuanza kulipia wingu ni nani anabeba mashaka. Zamani muuzaji ndiye aliyekosa usingizi akijiuliza kama mteja atanunua toleo lijalo. Leo mteja ndiye anayejiuliza kama bei itapanda, kama huduma itakuwepo kesho, na kama akitaka kuondoka ataondoka na nini. Ndiyo maana nasema mkataba usomwe kwa makini kuliko vipeperushi vya mauzo.

2. Adobe ilihama kwa nini?

Adobe ilianzishwa mwaka 1982 na John Warnock na Charles Geschke. Kwa miaka mingi iliuza programu zake kwenye maboksi: unalipa mara moja, unapewa diski na namba ya leseni, unaitumia hadi kompyuta izeeke. Udhaifu wa biashara hiyo ni kwamba mteja aliyeridhika na toleo alilonalo hana haraka ya kununua jipya, na uchumi ukiyumba ndiyo kabisa. Mapato ya Adobe yalishuka kutoka dola bilioni 3.58 mwaka 2008 hadi bilioni 2.95 mwaka 2009, wakati wa msukosuko wa fedha duniani.

Mei 2013 kampuni ilitangaza kwamba Creative Suite 6, mkusanyiko wa programu zake za ubunifu, ndilo toleo la mwisho la kuuzwa kwa leseni ya kudumu. Kuanzia hapo programu mpya zingepatikana kwa kulipia Creative Cloud kila mwezi. Wateja walikuja juu, na malalamiko ya mtandaoni ya kuitaka kampuni ibadili uamuzi yalikusanya saini zaidi ya 30,000. Adobe haikurudi nyuma.

Tupige hesabu kidogo. Mkusanyiko kamili wa Creative Suite 6 uliuzwa dola 2,599 nchini Marekani. Creative Cloud ilianza kwa dola 49.99 kwa mwezi. Ukigawa, unapata miezi 52, yaani miaka minne na miezi minne. Aliyekuwa akinunua mkusanyiko mzima upya kila baada ya mwaka mmoja au miwili alipata nafuu. Aliyezoea kukaa na toleo moja miaka sita au saba alianza kulipa zaidi, na siku anapoacha kulipa programu inafungwa.

Kwa muuzaji nako kulikuwa na maumivu, ila ya muda. Faida halisi iliporomoka kutoka takriban dola milioni 833 mwaka 2012 hadi milioni 290 mwaka 2013, kwa sababu fedha iliyozoea kuingia kwa mkupuo ilianza kuingia kidogo kidogo. Baadaye mapato yalipanda hadi kufikia takriban dola bilioni 21.5 mwaka 2024. Wauzaji wengine waliokuwa wakisitasita waliziona namba hizo, ndiyo maana leo ni vigumu kupata programu kubwa ya ofisi inayouzwa kwa leseni ya kudumu tu.

3. Kutoka Photoshop hadi jukwaa la kumhudumia mteja

Sura ya pili ya safari hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi. Mwaka 2009 Adobe ilinunua kampuni ya Omniture kwa dola bilioni 1.8. Kazi ya Omniture ilikuwa kupima nyendo za watu kwenye tovuti. Mwaka 2010 ikanunua Day Software ya Basel, Uswisi, kwa takriban dola milioni 240. Hao walikuwa mafundi wa mfumo wa kuhifadhi na kuchapisha maudhui ya tovuti kubwa. Mwaka 2018 ikaongeza Magento, ya maduka ya mtandaoni, kwa dola bilioni 1.68, na Marketo, ya kuratibu kampeni za barua pepe na masoko, kwa dola bilioni 4.75. Huduma hizi za masoko zilikuwa zimekwisha kupewa jina la pamoja mwaka 2017: Adobe Experience Cloud.

Jukwaa la namna hii linafanya nini hasa? Chukulia mteja wa benki anafungua tovuti kusoma kuhusu mkopo wa nyumba. Anasoma masharti, anajaribu kikokotoo cha marejesho, kisha anaondoka bila kuomba. Chombo cha kupima kimeandika kwamba alikaa kwenye kikokotoo na kuweka miaka kumi na tano. Hifadhi ya taarifa za wateja inaunganisha ziara hiyo na akaunti yake, kwa kuwa aliwahi kuingia kwa simu ileile. Kesho yake anapofungua programu ya benki, mahali palipokuwa na tangazo la kadi pana tangazo la mkopo wa nyumba, na jioni anapata barua pepe yenye kiungo cha kikokotoo. Nyuma ya tangazo hilo mifumo minne au mitano imezungumza kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Uzuri wake unaonekana. Lakini angalia taarifa zilikopita: nyendo za mteja, simu yake, nia yake ya kukopa, vyote vimehifadhiwa na kuchakatwa kwenye mitambo ya muuzaji.

4. Wingu linapobadilisha kazi ya fundi

Mfumo uliotokana na Day Software unaitwa Adobe Experience Manager. Kwa miaka mingi taasisi ziliuweka kwenye seva zao, na kupanda kutoka toleo moja hadi jingine ulikuwa mradi wa miezi. Januari 2020 Adobe ilitoa namna yake ya wingu, ambayo haina matoleo ya kuhamia: masasisho yanaingia yenyewe mara kwa mara, na seva zinaongezeka au kupungua kulingana na wingi wa wageni.

Badiliko moja dogo linaonyesha mengi. Ndani ya mfumo huo kila kitu kimepangwa kama mti wa folda. Folda ya libs ina msimbo wa Adobe, folda ya apps ina msimbo wa taasisi, na folda ya content ina kurasa zenyewe. Kwenye seva ya zamani, fundi aliyepigiwa simu usiku kwamba fomu ya maombi haifanyi kazi aliweza kuingia moja kwa moja, akafungua apps, akarekebisha mstari mmoja na kurudi kulala. Kwenye wingu, libs na apps zimefungwa wakati mfumo unafanya kazi. Marekebisho ya mstari uleule yanapitia kwenye hazina ya msimbo, yanakaguliwa na mitambo, yanajaribiwa, ndipo yanapelekwa kwa umma.

Nidhamu hiyo ina faida kubwa, maana matatizo mengi yanatokana na marekebisho ya usiku ambayo hakuna aliyeyaandika popote. Lakini taasisi ikihama bila kuwafundisha mafundi wake, inajikuta inamlipa wakala wa nje kwa kila badiliko, na baada ya miaka miwili hakuna mtumishi wa ndani anayejua tovuti yao imejengwaje.

5. Akili unde na kipimo kipya cha bei

Adobe ilizindua Sensei, huduma zake za akili unde, mwaka 2016. Machi 2023 ikaja Firefly, inayotengeneza picha kutokana na maelezo ya maneno, na uwezo wa aina hiyo ukaanza kuingizwa kwenye majukwaa ya tovuti: kuandika vichwa vya habari, kutengeneza matoleo kadhaa ya tangazo moja, kupendekeza nani aonyeshwe nini.

Hapa biashara ya usajili inakutana na kitendawili chake. Usajili wa Creative Cloud hulipwa kwa kichwa: wabunifu kumi, leseni kumi. Akili unde ikifanya kazi ya wabunifu saba, muuzaji atauza leseni ngapi? Jibu la wauzaji ni kupima matumizi. Mwaka 2023 Adobe ilianzisha vocha za utengenezaji kwa Firefly, zinazopungua kila unapoagiza picha. Kwa upande wa tovuti, namna ya wingu ya Experience Manager inahesabu maombi ya maudhui, yaani kurasa zilizofunguliwa na taarifa zilizovutwa na programu nyingine. Kwa hiyo kampeni yako ikifana na wageni wakaongezeka maradufu, ankara nayo inaweza kukua. Bajeti yetu inapitishwa mara moja kwa mwaka, tena kwa shilingi, ilhali kipimo hiki kinatembea kila siku na ankara yake huja kwa dola.

Liko pia swali la nani anasoma tovuti. Takwimu za Adobe za msimu wa sikukuu wa mwaka 2024 zilionyesha kwamba ziara kwenye tovuti za maduka ya Marekani zilizotokana na roboti za mazungumzo ziliongezeka kwa asilimia 1,300 kuliko mwaka uliotangulia, japo zilianzia chini sana. Novemba 2025 kampuni ilitangaza kuinunua Semrush kwa takriban dola bilioni 1.9, ili kuwasaidia wateja wake waonekane kwenye majibu ya mashine hizo. Tovuti zetu nazo zitasomwa na mashine kabla ya kusomwa na mtu.

Na mashine ikikosea, nani anawajibika? Februari 2024, baraza moja la usuluhishi huko British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria ambaye roboti ya tovuti ilimweleza vibaya masharti ya nauli ya msiba. Shirika lilijitetea kwamba roboti ile inawajibika yenyewe kwa matendo yake. Baraza lilikataa: maneno yaliyo kwenye tovuti yako ni maneno yako.

6. Nani ameshika swichi?

Oktoba 2019 Adobe iliwatangazia watumiaji wa Venezuela kwamba akaunti zao zingefungwa mwisho wa mwezi huo, kutokana na amri ya Rais wa Marekani ya kuiwekea vikwazo serikali ya nchi hiyo. Wabunifu na wanahabari wasiohusika na siasa walijikuta kwenye orodha moja na serikali yao. Siku ilipofika, kampuni ilipata kibali cha serikali ya Marekani na huduma ikaendelea. Mwenye diski ya Creative Suite hangeguswa na tangazo lile.

Kutoka nako kuna gharama. Juni 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliishitaki Adobe ikidai kwamba iliwaficha wateja faini ya kuvunja mapema mkataba wa mwaka unaolipwa kwa mwezi. Kampuni ilikanusha. Sina haja ya kuamua nani ana haki. Ninachosema ni kwamba kama Mmarekani asomaye mkataba kwa lugha yake anaweza kulalamika hivyo, sisi tusome mara mbili.

Yako na ya kwetu. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Huduma iliyo kwenye wingu la mbali inategemea nyaya hizo. Pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ya Kenya ya mwaka 2019, zote zinaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Yule mteja wa mkopo wa nyumba analindwa na sheria hizo, na atakayeulizwa kwanza ni benki.

7. Mapendekezo

(a) Pimeni kwanza kama mnahitaji jukwaa. Taasisi yenye kurasa za taarifa na fomu chache inatosheka na WordPress au Drupal, ambazo msimbo wake ni huria na mafundi wake wanapatikana hapa.

(b) Kabla ya kusaini, muuzaji aonyeshe kwa vitendo namna ya kutoa maudhui na taarifa zote katika miundo inayosomeka kwingine. Zoezi hilo lirudiwe kila mwaka.

(c) Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la taasisi, na nywila zake zikae ofisini, si kwa wakala.

(d) Pimeni wageni wenu kwa mwaka mzima kabla ya kujadili bei, kisha mkataba utaje kikomo cha ongezeko la malipo.

(e) Kila zabuni ya wingu iwe na fungu la mafunzo kwa watumishi wa ndani.

(f) Maandishi ya akili unde yasitoke bila mtu kuyapitia, hasa yanayotaja ada, riba au tarehe. Kiswahili chake nacho kihaririwe. Mteja akisoma "mkopo wako imeidhinishwa" atadhani ni ujumbe wa matapeli.

(g) Tarehe ya mwisho ya kutoa taarifa ya kutokuendelea na mkataba iwekwe kwenye kalenda ya ofisi, chini ya mtu mwenye cheo, kwa kuwa mikataba mingi hujihuisha yenyewe.

8. Maswali ya majadiliano

1. Muuzaji wenu mkuu akisitisha huduma mwisho wa mwezi huu, ni huduma zipi za wateja zitasimama, na mna nakala rudufu ya nini?

2. Katika taasisi yenu, nani amesoma mkataba wa wingu mnaoutumia sasa hadi ukurasa wa mwisho: mwanasheria, afisa ununuzi, au fundi?

3. Taasisi kadhaa za sekta moja zikijadiliana na muuzaji kwa pamoja, ni masharti gani mngeyadai ambayo mmoja mmoja hawezi kuyapata?