Mipaka ya Shule Zetu, Thika hata Ruiru
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimeitwa niseme juu ya Mfuko wa Karo. Hesabu zake mmekwisha kusomewa na Mweka Hazina, nami sitazirudia. Nitasema juu ya mipaka inayotenga watoto wetu, kwa maana mfuko wetu wafuata mipaka hiyo pasipo sisi kukusudia.

Wazee mliomo humu mwaukumbuka mpaka wa kwanza. Kabla ya Uhuru shule ziligawanywa kwa rangi: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake, na kila upande ulipewa fedha kwa kipimo chake. Mwaka 1964 Tume ya Ominde ilishauri pawe na elimu moja ya taifa zima. Mwaka 1985 ukaja mpaka mwingine, serikali ilipoagiza shule za mikoa zichukue asilimia 85 ya wanafunzi wao katika mkoa wenyewe. Wengi walilipokea agizo hilo kwa furaha, nao walikuwa na haki, kwani waliozijenga shule kwa harambee walitaka watoto wao wafaidi. Lakini mkoa uliokuwa na shule nzuri ulibaki nazo, na mkoa usiokuwa nazo ukabaki vivyo hivyo.

Sasa tutazame nyumbani. Ruiru ilikuwa nchi ya mashamba ya kahawa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 238,000. Katika ile ya 2019 walikuwa 490,120. Katikati ya hesabu hizo mbili, mwaka 2012, barabara kuu ya Thika ilifunguliwa, na mibuni ikang'olewa, majumba ya kupangisha yakapanda mahali pake. Thika, mji tunaouona kuwa ndio mkubwa wetu, ilihesabiwa watu 251,407. Walakini shule za zamani zenye mabweni na jina, kama Chania na Thika High, ziko upande wa Thika. Nayo Mang'u, iliyoanzia Kabaa mwaka 1925, haiko mbali na hapo. Watu wameongezeka upande mmoja, na shule za sifa zimekaa upande mwingine.

Mtu atasema kwamba shule hizo ni za umma, na mtoto wa Ruiru hazuiwi kuingia. Ni kweli, haziwi kwa lango. Huzuiwa kwa karo. Kiwango kilichowekwa na Wizara kwa shule za kitaifa za bweni kilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, mbali na godoro, sanduku, sare na nauli. Mzazi anayefanya kibarua akiishi Kiandutu au Kimbo ataipata wapi? Mtoto wake huenda shule ya kutwa iliyo karibu, ambako serikali iliahidi mwaka 2018 kulipa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi. Shule hiyo twaiita ya bure. Chakula cha mchana si cha bure, wala kitabu cha mazoezi, wala taa ya kusomea usiku katika chumba kimoja cha watu sita.

Mwaka 2025 Wizara ilizipanga shule za sekondari pevu katika makundi manne, za kutwa zikiwa katika kundi la mwisho. Watoto waliongojea Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026 walitakiwa wachague shule za kutwa ndani ya kaunti ndogo ya nyumbani kwao. Hapo ndipo mpaka wa karatasi unapouma. Chukueni Githurai: Githurai 44 ni ya Nairobi, na Githurai 45 ni ya Ruiru katika Kaunti ya Kiambu. Watoto wa pande hizo mbili hununua maandazi kwenye kibanda kimoja, ilhali kwa shule za kutwa hutazamwa kama watu wa nchi mbili. Mwenye fedha haujui mpaka huo, kwa kuwa mtoto wake amekwisha kupanda basi la shule ya bweni.

Tena iko habari ya fedha za maeneo bunge. Kwa sheria ya mwaka 2003, robo tatu ya fedha hizo ziligawanywa sawa kwa kila eneo, liwe na watu wengi au wachache. Kabla ya uchaguzi wa 2013, Thika, Ruiru na Juja zilikuwa eneo moja la Juja. Zilipotenganishwa, kila moja ilipata fungu lake, na hilo lilikuwa jema. Lakini fungu likitolewa sawasawa, mahali penye watoto wengi darasa hujaa upesi kuliko linavyojengwa.

Sasa nafika kwenye hoja yangu, ambayo najua haitawapendeza wote. Mfuko wetu hulipia walioitwa shule za bweni tu. Wazee wataniuliza: je, mtoto aliyeitwa Mang'u akikosa karo, si aibu yetu sote? Ni aibu, wala siombi aachwe. Nasema kwamba huyo ana milango mingine ya kubisha. Wahisani huvutwa na jina la shule. Yule wa kutwa hana wa kumwendea, kwa sababu kila mtu amekwisha kuambiwa kwamba hasomi kwa malipo.

Kwa hiyo naomba nusu ya Mfuko, kuanzia mwaka ujao, ilipie chakula cha mchana na vitabu vya wanafunzi wa kutwa, wa Thika na wa Ruiru kwa kadiri ya idadi yao. Naomba pia wachaguliwe wajumbe watatu wapeleke habari ya Githurai kwenye ofisi za elimu za pande zote mbili.

Hoja imeandikwa, nayo iko mezani kwa Katibu. Wanachama wa Makongeni walioniambia jana kwamba wataipinga, nawaomba waisome kwanza pamoja na wenzao wa Githurai, ndipo tupige kura.